Papa akisema, Mkatoliki anafungwa na nini?

Tangu Leo XIV achaguliwe tarehe 8 Mei 2025, magrupu ya WhatsApp ya jumuiya na kwaya hapa Dodoma yamefufua mabishano ambayo wengi walidhani yamezikwa pamoja na Papa Fransisko. Video fupi zinatoka Marekani na Ulaya, mtu anaweka sauti ya Kiswahili juu yake, na kabla Misa ya pili haijaisha zimeshazunguka kutoka Nkuhungu hadi Ihumwa. Moja inasema Papa amebadilisha mafundisho ya ndoa. Nyingine inadai Kanisa halina Papa wa kweli tangu 1958. Ya tatu inasema Misa ya Kiswahili ni batili, eti Misa halali ni ya Kilatini peke yake. Hapo ndipo anapojitokeza mzee wa jumuiya na kufunga mjadala: Papa hakosei, kwa hiyo anayeuliza ni mwasi.

Mzee huyo naye hayuko sahihi, na kosa lake ni ndugu wa karibu wa kosa la wale anaowakemea. Ili tuone kwa nini, tuanze na maneno yenyewe, maana nusu ya ugomvi huu ni watu kutumia neno moja kwa maana tatu.

Majisterio ni kazi ya kufundisha waliyonayo Papa na maaskofu walio katika umoja naye. Mapokeo ni imani yenyewe kama ilivyopokewa kutoka kwa Mitume na kurithishwa kizazi hadi kizazi. Pembeni yake kuna desturi nyingi ambazo nazo huitwa mapokeo: lugha ya ibada, mavazi ya padri, namna ya kupokea Komunyo. Hizo zinaweza kubadilika na zimewahi kubadilika. Mwanamapokeo, kwa maana ya makala hii, ni Mkatoliki anayeona kwamba tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima (1962–1965), viongozi wameacha desturi nyingi mno, na huenda hata imani yenyewe imeguswa. Uzushi ni kukana kwa ukaidi ukweli unaopaswa kusadikiwa kwa imani. Mfarakano ni kukataa kuwa chini ya Papa, au kukataa umoja na waamini walio chini yake. Mtu anaweza kuwa katika mfarakano bila kuwa mzushi. Na anaweza kununa na Papa miaka kumi bila kuwa katika lolote kati ya hayo mawili.

Kutokosea ni mlango mwembamba

Tarehe 18 Julai 1870 Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano ulitamka rasmi kwamba Papa ana karama ya kutokosea. Wanaoinukuu habari hiyo huishia hapo. Mtaguso haukuishia hapo, uliweka masharti. Papa awe anasema kama mchungaji na mwalimu wa Wakristo wote, kwa mamlaka yake ya juu kabisa ya kitume. Jambo lenyewe liwe la imani au la maadili. Na awe anatoa uamuzi wa mwisho kwamba Kanisa lote lazima lilishike. Sharti moja likikosekana, karama hiyo haijatumika.

Tangu mwaka huo, masharti yote yametimia bila ubishi mara moja tu: tarehe 1 Novemba 1950, Pio XII alipotangaza kwamba Bikira Maria alipalizwa mbinguni mwili na roho. Wengi huongeza tamko la Pio IX la 1854 juu ya Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, ingawa lilitangulia mtaguso. Fransisko, kwa miaka yake yote 12, hakuutumia mlango huo hata siku moja. Sheria ya Kanisa yenyewe, kanuni ya 749, inasema fundisho lisihesabiwe kuwa limetamkwa kwa karama hiyo mpaka jambo hilo liwe dhahiri. Kwa maneno mengine, ukiwa na mashaka kama Papa ametumia kutokosea, jibu ni kwamba hajatumia.

Lakini msomaji asikimbilie upande wa pili na kusema basi mengine yote ni maoni yake tu. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano iitwayo Lumen Gentium, namba 25, na kanuni ya 752 baada yake, zinadai kwamba hata fundisho la kawaida la Papa lipokewe kwa utii wa kidini wa akili na utashi. Ni utii wa kweli, ingawa si ule tunaoutoa kwa fumbo la Utatu Mtakatifu.

Kwa sisi tunaoishi jirani na Bunge, mfano uko mlangoni. Katiba ni neno la nchi. Sheria iliyopitishwa na Bunge ni neno la nchi. Kanuni za waziri, waraka wa katibu mkuu, na jibu ambalo waziri amempa mwandishi wa habari huku anaingia kwenye gari, yote yanatoka serikalini. Lakini hakuna mtumishi wa Mji wa Serikali wa Mtumba anayeyapa uzito uleule, na akifanya hivyo ataumbuka. Kwa Papa pia ziko ngazi: juu kabisa kuna mafundisho tanzu yaliyotangazwa kuwa yamefunuliwa na Mungu, chini yake mafundisho ya kushikwa daima, kisha mafundisho ya kawaida yanayokuja kwa ensiklika (barua rasmi za Papa kwa Kanisa) na wosia wa kitume, kisha maagizo ya nidhamu na ibada, na mwisho kabisa mahubiri ya asubuhi na mahojiano kwenye ndege. Ule msemo wa Fransisko wa Julai 2013, "Mimi ni nani hata nihukumu?", ulitoka kwenye ndege akirudi kutoka Brazil. Umejengewa makanisa mawili, moja la kuushangilia na jingine la kuulaani, na ulikuwa jibu kwa mwandishi.

Mfano huo una mwisho wake, na mwisho wenyewe ndio unaofundisha zaidi. Katiba hurekebishwa kwa theluthi mbili ya kura. Fundisho tanzu halirekebishwi kwa kura yoyote. Tena raia akiona sheria imekiuka Katiba anakwenda Mahakama Kuu. Mkatoliki akiona agizo la Papa limekiuka Mapokeo, aende wapi? Kanuni ya 1404 inasema Kiti cha kwanza, yaani cha Papa, hakihukumiwi na yeyote. Hapa ndipo ugomvi wa wanamapokeo unapozaliwa: wana shauri, lakini hawana mahakama ya kulipeleka. Wengine huandika barua, wengine huondoka, na wengine hujifanya wao wenyewe ndio mahakama.

Nyumba tatu chini ya jina moja

Chanzo cha karibu kinajulikana. Baada ya mtaguso, Paulo VI alitoa kitabu kipya cha Misa mwaka 1969, na lugha za watu zikaingia altareni. Askofu Mkuu Marcel Lefebvre, Mfaransa, aliona mabadiliko hayo na baadhi ya hati za mtaguso, hasa ile ya uhuru wa dini, kuwa ni kuvunjika kwa mnyororo. Mwaka 1970 alianzisha Udugu wa Mtakatifu Pio X. Huyu hakuwa mgeni wa Afrika. Aliwahi kuwa mmisionari Gabon, Askofu Mkuu wa Dakar, na mkuu wa Shirika la Roho Mtakatifu, lile lile lililofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Tarehe 30 Juni 1988, huko Ecône nchini Uswisi, aliwaweka wakfu maaskofu wanne bila idhini ya Papa, na Yohane Paulo II akatangaza kwamba wameingia katika adhabu ya kutengwa na Kanisa. Benedikto XVI aliwaondolea wale wanne adhabu hiyo mwaka 2009. Fransisko naye, ambaye wafuasi wa udugu huo hawakumpenda kabisa, ndiye aliyewapa mapadre wao ruhusa ya kuungamisha kihalali kuanzia 2015. Wao humtaja Papa katika Misa zao, kisha wanakataa kumtii pale wanapoona amepingana na Mapokeo. Ni msimamo mgumu kuuelewa, na sidhani kama wao wenyewe wameumaliza.

Nyumba ya pili ni ya waliobaki ndani. Mwaka huo huo wa 1988, mapadre waliompenda Lefebvre lakini wakakataa tendo lake walianzisha Udugu wa Kipadre wa Mtakatifu Petro, wakaendelea na Misa ya zamani kwa idhini ya Roma. Benedikto XVI alifungua mlango mpana zaidi kwa barua ya Julai 2007 iliyoruhusu padri yeyote kuadhimisha Misa hiyo. Fransisko aliufunga tena kwa barua ya tarehe 16 Julai 2021, Traditionis Custodes, akisema ruhusa ile ilikuwa inatumiwa kuukana mtaguso. Waliokuwa watulivu waliumia pamoja na wakorofi. Naona waliumizwa bila sababu ya kutosha, lakini uamuzi ule ni wa ngazi ya nidhamu, na Papa ana haki ya kuutoa hata pale busara yake inapobishaniwa.

Nyumba ya tatu ni ya wanaosema Kiti cha Petro kiko wazi. Wengi wao huhesabu tangu kifo cha Pio XII, Oktoba 1958. Hoja yao ni fupi: Papa hawezi kufundisha uzushi, hawa waliofuata wamefundisha uzushi, kwa hiyo hawa si mapapa. Ni wachache sana duniani, lakini video zao ndizo zinazosafiri kwa kasi, kwa sababu hoja fupi hubebeka.

Tuipime hoja hiyo hapa hapa nyumbani. Dodoma ilianza kama mkoa wa kitume mwaka 1935, mikononi mwa wamisionari Wapasionisti, ikawa jimbo mwaka 1953 chini ya Pio XII. Hapo wenye hoja hawana tatizo. Lakini Jimbo la Singida liliundwa mwaka 1972 na Paulo VI, Kondoa mwaka 2011 na Benedikto XVI, na Dodoma ikawa jimbo kuu mwaka 2014 kwa uamuzi wa Fransisko. Kama kiti kiko wazi tangu 1958, Singida na Kondoa si majimbo, na maaskofu wao hawakuteuliwa na mtu yeyote. Laurean Rugambwa, aliyepewa ukardinali mwaka 1960 na Yohane XXIII, hakuwahi kuwa kardinali. Karoli Lwanga na wenzake waliotangazwa watakatifu na Paulo VI mwaka 1964 warudishwe kwenye uenye heri, na vigango vyote vyenye jina la Mashahidi wa Uganda vitafute msimamizi mwingine. Anayesambaza video ile kutoka Manyoni, ndani ya Jimbo la Singida, hajafikiri kwamba amejifutia jimbo lake mwenyewe.

Kuhusu Misa ya Kiswahili, hoja inayorudiwa ni kwamba Pio V aliiweka Misa ya Kilatini mwaka 1570 kwa maneno ya "milele", basi hakuna wa kuigusa. Lakini kwa mambo ya nidhamu na ibada, Papa mmoja hawezi kumfunga Papa mwenzake. Na mapapa waliigusa Misa hiyo kabla ya kitabu kipya cha 1969. Pio XII, anayependwa sana na wanamapokeo, alibadilisha ibada za Juma Kuu mwaka 1955. Yohane XXIII aliingiza jina la Mtakatifu Yosefu katika Sala ya Ekaristi mwaka 1962. Kitabu kile kile ambacho wengi wao wanakishika kama hakijawahi kuguswa ni cha mwaka huo wa 1962.

Nina neno jingine hapo, la pembeni kidogo. Baadhi ya wanaopiga simulizi la "Misa iliyoharibika" huonyesha picha za ngoma na vifijo. Ugogoni hatuwezi kulipokea hilo kirahisi. Sauti za kupandana za nyimbo za Kigogo, zeze, na akina mama wanaopiga ngoma ya muheme wakati wa kutoa vipaji, viliingia kanisani kwa mlango uliofunguliwa na mtaguso ule ule. Kilatini nacho hakijafukuzwa: Tantum Ergo bado inaimbwa kwenye kuabudu Ekaristi, na wazee wanaijua kwa moyo. Mtu anaweza kukipenda Kilatini bila kuitangaza ngoma ya mama yake kuwa dhambi. Wakati wanamapokeo wa Ulaya walipoanza kuisifu Afrika kama ngome ya imani, sikusikia wengi wakiuliza Afrika hiyo inasali namna gani.

Ndoa, kifo na baraka

Mpaka hapa tumezungumzia mamlaka. Kwenye maadili mambo ni mazito zaidi, na hapa wanamapokeo hawako peke yao wala si wote ni watu wa kelele.

Chukua hali inayojulikana katika kila parokia. Mwanamume alifunga ndoa kanisani, mke akaondoka. Miaka ikapita, akaanza maisha na mwanamke mwingine, wakafunga ya bomani, wana watoto wanne. Anakuja kusali kila Dominika, anachangia ujenzi, lakini hapokei Komunyo. Yohane Paulo II, katika wosia wa 1981 juu ya familia, alisema mtu wa namna hiyo asipokee mpaka waachane, au kama hawawezi kuachana kwa sababu ya watoto, waishi kama kaka na dada. Mwaka 2016 Fransisko alitoa wosia Amoris Laetitia. Katika sura ya nane alihimiza mapadre wawasindikize watu hawa mmoja mmoja na kupambanua hali zao, na katika tanbihi ya 351 akasema kwamba katika baadhi ya hali msaada huo unaweza kuwa ni pamoja na wa sakramenti.

Tanbihi moja ikatikisa Kanisa zima. Septemba mwaka huo makardinali wanne, Raymond Burke, Walter Brandmüller, Carlo Caffarra na Joachim Meisner, walimpelekea Papa maswali matano ya kujibiwa ndiyo au hapana. Aliponyamaza, Novemba wakayachapisha. Kiini cha maswali kilikuwa hiki: je, bado yako matendo ambayo ni mabaya daima, bila kujali hali ya mtu? Yohane Paulo II alifundisha hivyo mwaka 1993. Kama bado yapo, na uzinzi ni mojawapo, anayeishi na asiye mkewe bila nia ya kubadilika atapokeaje?

Waliomtetea Papa walijibu kwamba fundisho juu ya tendo halijaguswa. Kilichozungumzwa ni lawama ya mtendaji. Katekisimu, namba 1735, tayari inasema lawama inaweza kupungua au hata kuondoka kwa sababu ya hofu, mazoea au shinikizo. Mama anayeishi na mwanamume ambaye akimwacha watoto watakosa chakula hayuko huru kama anavyoonekana. Maaskofu wa kanda ya Buenos Aires waliandika mwongozo kwa msingi huo, na Fransisko akawaandikia kwamba hakuna tafsiri nyingine.

Mimi naona maswali ya makardinali wale yalikuwa halali, na yalistahili jibu la moja kwa moja kutoka kwake. Kumuuliza Papa si kumpinga. Kanuni ya 212 inawapa waamini wote haki, na wakati mwingine wajibu, wa kuwaeleza wachungaji wao maoni yao juu ya mambo ya faida kwa Kanisa, kwa heshima. Ukimya uliacha nafasi tupu, na nafasi tupu ilijazwa na watu wasio na uchungu wa makardinali wale wala elimu yao. Lakini aliyeruka kutoka "sijaridhika na tanbihi" hadi "huyu si Papa" ameruka shimo ambalo wale wanne hawakuliruka.

Agosti 2018 ikaja zamu ya adhabu ya kifo. Katekisimu ya 1992 iliikubali kwa masharti magumu. Fransisko aliamuru namba 2267 iandikwe upya kusema haikubaliki. Wanamapokeo wakauliza: je, hili ni fundisho kukua au fundisho kugeuka? Swali ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu mapapa wa zamani waliitetea haki ya dola kuua mhalifu. Kwetu si jambo la mbali pia: Tanzania bado ina adhabu hiyo katika vitabu vya sheria, ingawa haijatekelezwa tangu miaka ya 1990. Anayetafuta jibu la mstari mmoja hapa hatalipata, na atakayempa mstari huo kwenye WhatsApp anamdanganya.

Kisha tarehe 18 Desemba 2023 ikatoka hati Fiducia Supplicans, iliyosainiwa na Kardinali Víctor Manuel Fernández na kuidhinishwa na Papa. Iliruhusu padri kutoa baraka fupi, nje ya ibada, kwa watu walio katika mahusiano yasiyo halali, wakiwemo wa jinsia moja, huku ikirudia kwamba ndoa ni ya mwanamume na mwanamke. Ilikuwa siku chache kabla ya Krismasi, na nadhani hakuna katekista wa kanda hii ambaye hakuulizwa. Wengi ambao hawajawahi kumsikia Lefebvre walijikuta wanasema maneno yale yale ya wafuasi wake.

Walichofanya maaskofu wa Afrika ndicho kinachonifaa zaidi katika habari nzima. Tarehe 11 Januari 2024, Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, kama rais wa shirikisho la mabaraza ya maaskofu wa Afrika na Madagascar, alitoa tamko kwamba baraka za namna hiyo kwa wapenzi wa jinsia moja hazitatolewa katika Makanisa ya bara hili. Ni kukataa kwa wazi kabisa. Lakini tamko hilo hilo lilianza kwa kusisitiza umoja na Papa, na lilitolewa baada ya kushauriana na Kardinali Fernández na Papa mwenyewe. Baadaye mwezi huo Fransisko alisema Waafrika ni suala la pekee, kwa sababu ya utamaduni wao. (Kauli hiyo nayo haikuwafurahisha wote, wako waliouliza kama maadili yana utaifa.) Hakuna askofu aliyetangaza kiti kiko wazi. Hakuna aliyeacha kulitaja jina la Papa katika Sala ya Ekaristi.

Kisima kimoja

Sasa turudi kwa yule mzee wa jumuiya. Yeye anasema: Papa hakosei kamwe, kwa hiyo kila alichosema huyu ni sahihi. Mtu wa kiti wazi anasema: Papa hakosei kamwe, huyu amekosea, kwa hiyo si Papa. Wanatukanana, lakini wanakunywa kisima kimoja. Wote wawili wameipa karama ya 1870 upana ambao mtaguso wenyewe uliukatalia.

Historia ingewatuliza wote wawili. Paulo alimpinga Petro uso kwa uso kule Antiokia, imeandikwa katika Wagalatia 2, na Petro alibaki Petro. Papa Honorio I alilaaniwa na Mtaguso wa Tatu wa Konstantinopoli mwaka 681, zaidi ya miaka 40 baada ya kufa, kwa barua alizoandika akilegea juu ya fundisho kwamba Kristo ana utashi wa kimungu na wa kibinadamu. Mtaguso ulimlaani, haukumfuta kwenye orodha ya mapapa. Yohane XXII, kuanzia 1331, alihubiri kwamba roho za watakatifu hazimwoni Mungu uso kwa uso mpaka hukumu ya mwisho. Wanateolojia wa Paris walimpinga wazi. Alikana maneno yake mwaka 1334 akiwa karibu na kifo, na mwaka 1336 mrithi wake, Benedikto XII, akatangaza fundisho lililo kinyume. Pamoja na mahubiri yale, Kanisa linamhesabu Yohane XXII kuwa Papa mpaka kifo chake.

Wenye kusoma watasema: lakini mwanateolojia Mtakatifu Robert Bellarmine aliandika kwamba Papa akiwa mzushi wa wazi anaacha upapa papo hapo. Ni kweli aliandika. Ni kweli pia kwamba Kardinali Cajetan, kabla yake, aliona haitokei papo hapo, ni lazima Kanisa litamke, na Kanisa halijawahi kuamua nani kati yao yuko sahihi. Mtu binafsi mwenye simu na bando hajapewa kazi ya kuamua kwa niaba yao.

Carlo Maria Viganò, Mwitalia, ni mfano wa mtu aliyekwenda njia hiyo mpaka mwisho. Alikuwa balozi wa Papa Marekani, askofu mkuu mwenye jina. Mwaka 2018 alianza na shutuma juu ya namna kesi ya unyanyasaji wa kijinsia ya Kardinali McCarrick wa Marekani ilivyoshughulikiwa, jambo lililostahili uchunguzi. Aliishia kuukana uhalali wa Fransisko na kuukataa mtaguso, na Julai 2024 Roma ikatangaza kwamba ametengwa kwa kosa la mfarakano. Video zake bado zinazunguka hapa, mara nyingi bila kutaja hilo.

Kwa hiyo ukitumiwa video inayosema "Papa amesema", kitu cha kwanza kutafuta ni jina la hati na tarehe. Kama hakuna, ni ya ndegeni au ni ya kutungwa. Kama ipo, tazama imesainiwa na nani, iko ngazi gani, na inafundisha au inaagiza. Muulize paroko; huenda naye hajaisoma, basi mtaisoma wote.

Tangu Leo XIV aingie, pande zote zinamvuta. Tarehe 25 Oktoba 2025, kwa idhini yake, Kardinali Burke aliadhimisha Misa ya zamani ya Kilatini ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro, na wengi wakasherehekea kana kwamba barua ya 2021 imefutwa. Haikufutwa, ilikuwa ruhusa ya tukio moja. Wale wa kiti wazi hawakusherehekea lolote. Kwao Leo hakuwa Papa tangu moshi mweupe ulipotoka, kabla hajafungua kinywa.